Titi litolewe au lisitolewe? Maswali ya kuuliza kabla ya kuchagua matibabu ya saratani ya titi

Ujumbe uliingia kwenye simu ya studio asubuhi, tukiwa katikati ya kusoma bei za mahindi. Tuliusoma hewani kwa ruhusa ya aliyeutuma, bila jina lake. "Shikamooni watangazaji. Nina miaka 41, naishi Korogwe. Nilikuwa na uvimbe kwenye titi, wamechukua kinyama, majibu yamesema ni kansa. Daktari anasema titi litolewe. Mama mkwe anasema kansa haitaki kisu, nikikatwa itasambaa. Mume wangu amenyamaza tu. Nifanyeje?"

Simu haikupumzika hadi kipindi kinaisha. Baba mmoja wa Handeni alisema anamjua mzee mwenye mizizi. Dada mmoja alisema shangazi yake alikatwa titi akafa mwaka huohuo. Mwingine, wa Mombo, alisema mama yake alikatwa miaka mingi iliyopita na hadi leo analima. Wote walikuwa wanasema kweli, kila mmoja kwa alichokiona. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja aliyemuuliza yule mama swali la kwanza kabisa: kansa yako ni ya aina gani, na imefika wapi?

Sisi si madaktari, na makala haya hayachukui nafasi ya daktari. Ila tumegundua kwamba wasikilizaji wetu wengi wanaingia chumba cha daktari bila kujua waulize nini, wanatoka na karatasi, na uamuzi unakuja kufanyika kwenye mkeka nyumbani na watu ambao hawakuwepo. Basi tumekaa chini kuandika yale ambayo mgonjwa wa Handeni au Korogwe anapaswa kuyajua kabla hajasema ndiyo au hapana.

Kansa ya titi si ugonjwa mmoja

Hapa ndipo mkanganyiko wote unapoanzia. Watu wawili wanaweza kuwa na uvimbe wa ukubwa uleule, upande uleule, na matibabu yao yakawa tofauti kabisa. Daktari bingwa anaangalia mambo makubwa mawili.

La kwanza ni hatua. Uvimbe una ukubwa gani, umeshafika kwenye matezi ya kwapani au bado, na je umeruka kwenda kwenye mifupa, mapafu au ini? Hatua zinahesabiwa kuanzia ya kwanza hadi ya nne. Hatua ya kwanza na ya pili, nia ya matibabu ni kuponya. Ya tatu bado nia ni kuponya, ila kazi ni kubwa zaidi na matibabu ni mengi. Ya nne, ambapo ugonjwa umeshatoka kwenye titi na kwenda viungo vya mbali, matibabu yanalenga kuurudisha nyuma, kuongeza maisha na kuondoa maumivu.

La pili halionekani kwa macho wala kwa kupapasa. Chembe za kansa nyingine zina vipokeo, yaani kama masikio madogo yanayosikiliza homoni za kike mwilini. Homoni zikifika, kansa inapata nguvu ya kukua. Nyingine zina protini nyingi iitwayo HER2 inayozisukuma zikue haraka. Na nyingine hazina kimoja kati ya hivyo. Hizi madaktari wanaziita hasi tatu, na zinaonekana zaidi kwa wanawake weusi kuliko kwa wanawake wa Ulaya, tena mara nyingi kwa walio na umri mdogo.

Kwa nini tunasisitiza hili? Kwa sababu kidonge kinachomsaidia mwenye vipokeo vya homoni hakimsaidii asiye navyo. Jirani yako anaweza kukupa vidonge vyake vilivyobaki kwa nia njema kabisa na visikufanyie lolote zaidi ya madhara.

Majibu haya yote yanatoka kwenye kile kinyama. Kwa hiyo kinyama ni mali. Kikitolewa, kinatakiwa kiwekwe mara moja kwenye chupa yenye dawa ya kukihifadhi, formalini, chupa iandikwe jina, kipelekwe maabara ya patholojia bila kukaa siku nyingi. Kikikauka au kikiwekwa kwenye maji ya kawaida, kipimo cha vipokeo kinaweza kuharibika. Tumewahi kuambiwa na wasikilizaji kwamba walitolewa uvimbe, wakashonwa, wakaruhusiwa, na hakuna anayejua ule uvimbe ulienda wapi. Usikubali. Kabla hata hujapanda kitanda uliza: kinyama changu kinapelekwa maabara gani, na majibu nayafuata lini? Ukipewa namba ya kipimo, iandike kwenye daftari, siyo kwenye kiganja.

Kuna wanaoogopa kuchukuliwa kinyama kwa kuamini kwamba sindano inaichokoza kansa. Bila kinyama, daktari anapiga ramli kama mganga tu, tofauti ni koti jeupe.

Maneno ya mama mkwe kuhusu kisu

Tusimcheke mama mkwe. Alichosema hakukitoa hewani. Kwa miaka mingi vijijini kwetu wanawake wamekuwa wakifika hospitali titi limeshakuwa kidonda. Tathmini ya huduma za afya ya matiti iliyofanyika Tanzania mwaka 2017 ilieleza kwamba karibu wanawake 8 kati ya 10 wanagunduliwa ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Mtu wa namna hiyo akikatwa titi, ugonjwa ambao ulikuwa umeshafika kwenye ini au mifupa unaendelea na kazi yake. Ndugu wanaona: alikatwa, akafa. Wanahitimisha kwamba kisu ndicho kilichomuua. Kumbe kisu kilifika kimechelewa.

Kisu chenyewe nacho kimebadilika. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa Marekani, William Halsted, alieneza upasuaji wa kutoa titi zima pamoja na misuli ya kifua na matezi yote ya kwapani, na kwa miongo mingi wanawake duniani walifanyiwa hivyo. Baadaye Bernard Fisher huko Marekani na Umberto Veronesi huko Italia walilinganisha wanawake waliotolewa titi zima na wale waliotolewa uvimbe tu na sehemu kidogo inayouzunguka. Mwaka 2002 wote wawili walitoa matokeo ya miaka 20: wanawake wa makundi yote mawili waliishi sawasawa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mgonjwa wa huku kwetu anapotakiwa kupiga hesabu yake mwenyewe. Aliyebakiziwa titi anatakiwa apigwe mionzi baada ya upasuaji. Mionzi ni ya kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tatu hadi tano au zaidi kidogo. Si kitu cha kwenda na kurudi kutoka Chanika. Ni kuhamia mjini, kutafuta pa kulala, kula, nauli ya daladala, na mtu wa kubaki na watoto. Akikosa mionzi, uwezekano wa ugonjwa kurudi kwenye lile titi unapanda sana. Kwa hiyo mwanamke wa Dar es Salaam mwenye uvimbe mdogo anaweza kuchagua kubaki na titi, na mwenzake wa Kwediboma mwenye uvimbe uleule akachagua kulitoa, na wote wawili wakawa wamechagua sawa.

Ila kuna mtego. Wapo wanaokubali titi litolewe wakidhani wameiepuka mionzi, halafu baada ya miezi wanaambiwa waende mionzi hata hivyo, kwa kuwa uvimbe ulikuwa mkubwa au matezi ya kwapani yalikuwa na kansa. Muulize daktari mapema: "Hata nikitolewa titi lote, nitahitaji mionzi?" Jibu hilo linaweza kubadilisha uamuzi wote.

Muulize pia kuhusu mkono. Matezi ya kwapani yakitolewa, mkono wa upande huo unaweza kuvimba, wakati mwingine miaka baadaye. Kwa mtu anayeshika jembe au kukata mkonge hilo si jambo dogo. Kuna mazoezi ya kufanya tangu siku za mwanzo baada ya upasuaji, na ni vizuri uyajue kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani.

Dripu, vidonge na mionzi

Kemo ni dawa zinazopita mwili mzima kwenye damu, mara nyingi kwa dripu kila baada ya wiki tatu, mizunguko kadhaa. Kwa baadhi ya wagonjwa inatolewa baada ya upasuaji. Kwa wenye uvimbe mkubwa inatangulia, ili uvimbe upungue ndipo upasuliwe. Kwa hiyo daktari akikwambia "tuanze na kemo, kisu baadaye," hakukimbii. Hata yule mama wa ujumbe alikuwa hajaambiwa kama anahitaji kuanza na kemo au na upasuaji. Alikuwa amesikia neno "litolewe" tu, baada ya hapo masikio yakaziba. Inatokea kwa wengi. Nenda na mtu wa pili chumbani, anayeweza kuandika.

Nywele zinanyonyoka kwa dawa nyingi kati ya hizi, na zinaota tena. Kichefuchefu kina dawa zake, ziombe. Kinachoua kwenye kemo ni homa. Dawa hizi zinashusha kinga, hasa wiki ya kwanza na ya pili baada ya dripu, na ugonjwa mdogo unaweza kuwa mkubwa kwa saa chache. Ukiwa kwenye kemo ukapata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au mwili ukatetemeka kwa baridi, usimeze panado ukalala. Usisubiri tarehe ya kurudi Dar es Salaam. Panda chochote kilichopo, bodaboda ikibidi, nenda Magunga au hospitali yoyote iliyo karibu, onyesha kadi yako na useme neno hili mapema kabisa: "Nipo kwenye kemo." Ukikaa foleni kama mwenye malaria, muda unapotea.

Wenye vipokeo vya homoni wana bahati ya kipekee, na tunasema bahati tukijua neno hilo linasikika vibaya kwenye habari za kansa. Wao wana kidonge. Tamoksifeni imekuwepo kwa miongo mingi, inamezwa kimoja kwa siku kwa miaka mitano, wengine hadi kumi. Inapunguza sana uwezekano wa ugonjwa kurudi. Ugumu wake ni kuimeza kila siku kwa miaka yote hiyo wakati hujisikii mgonjwa. Inaleta joto la ghafla mwilini, kama la mama anayekoma hedhi. Haifai kabisa kwa mjamzito, kwa hiyo zungumza mapema kuhusu uzazi wa mpango. Na aliyekwisha koma hedhi akiona damu ukeni wakati anaitumia, arudi hospitali bila kuchelewa. Kwa waliokoma hedhi kuna vidonge vingine pia, kama anastrozo na letrozo.

Wenye HER2 wana dawa yao, trastuzumabu. Ilikuwa ghali kupita kiasi, na bado si rahisi. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwishoni mwa 2019 likaidhinisha kwa mara ya kwanza dawa inayofanana nayo kutoka kampuni nyingine. Kama majibu yako yanaonyesha HER2 chanya, uliza wazi: dawa ipo? Bima yangu inailipa? Kama haipo, mpango wa pili ni upi?

Na mjamzito? Si kweli kwamba lazima asubiri mpaka ajifungue. Upasuaji unawezekana, na baadhi ya dawa za kemo zinaweza kutolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Kinachosubiri ni mionzi na vidonge vya homoni. Wanaume nao, ambao ni kama mmoja kati ya kila wagonjwa 100 wa kansa hii, wanatibiwa kwa njia hizihizi. Baba mwenye kijivimbe nyuma ya chuchu asione aibu.

Dar es Salaam au Moshi?

Sisi wa huku tuna jambo ambalo mikoa mingi haina: tupo katikati. Ukisimama stendi ya Korogwe, basi moja linaelekea Segera na Chalinze mpaka Dar es Salaam, lingine linapita Mombo na Same mpaka Moshi, na umbali haupishani sana. Kwa mtu wa Handeni, hasa upande wa Mkata na Kabuku, Dar es Salaam iko karibu zaidi.

Dar es Salaam kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyo kwenye majengo ya hospitali ya Wajerumani ya mwaka 1897, karibu na bahari. Ndiyo kongwe nchini kwa mionzi, na mwaka 2018 ilianza kutumia mashine mpya za kisasa za mionzi. Muhimbili ipo jirani kwa upasuaji na vipimo vya patholojia. Moshi kuna KCMC, yenye kituo cha saratani kilichofunguliwa mwishoni mwa 2016, patholojia yake na madaktari bingwa wa upasuaji. Kabla hujaamua njia ipi, swali ni lilelile: nitahitaji mionzi? Kama ndiyo, ulizia huduma hiyo mapema mahali unapotaka kwenda, ili usijikute umeanzia Moshi na kumalizia Dar es Salaam na mafaili mawili yasiyosomana.

Rufaa inapita hospitali ya wilaya au ya mji, mara nyingi na Bombo kule Tanga. Wengine wanaona ni mzunguko wa kupoteza muda na wanapanda basi moja kwa moja. Tunawaelewa. Lakini barua ya rufaa ndiyo inayofungua mlango wa bima na wa msamaha wa gharama. Kuhusu fedha tunapenda kuwa wazi: sera ya nchi imekuwa kwamba mgonjwa wa saratani hatakiwi kunyimwa matibabu kwa kukosa pesa, lakini kila mwenye mgonjwa anajua nauli, malazi, vipimo na dawa zilizokosekana vinakula ng'ombe. Mwenye kadi ya CHF iliyoboreshwa ajue kwamba kadi ile imekusudiwa huduma kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Isimfanye aende Dar es Salaam mikono mitupu. Asiye na uwezo amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kusafiri, akiwa na barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Usisubiri mpaka bili itoke.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba tangu mtu afike kituoni na uvimbe mpaka apate jibu, zisipite siku 60. Hesabu siku zako. Kama zimepita 60 na bado unaambiwa njoo wiki ijayo, una haki ya kuuliza kwa sauti.

Na yule mzee mwenye mizizi

Handeni ina sifa ya waganga nchi nzima, na hatutajifanya hatujui. Watu wanatoka Dar es Salaam na magari ya kifahari kuja huku. Tunakumbuka pia mwaka 2011, kikombe cha Babu kule Samunge, Loliondo. Kilikuwa shilingi 500, na foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Kwenye foleni ile walikuwemo wagonjwa waliotoka vitandani hospitali.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliangalia wagonjwa wa saratani ambao ugonjwa wao ulikuwa bado haujasambaa, wakakataa tiba ya hospitali na kuchagua tiba mbadala peke yake. Kwa upande wa saratani ya titi, hatari ya kufa kwa wale waliochagua tiba mbadala ilikuwa zaidi ya mara tano ya waliotibiwa hospitali. Na hao ni Wamarekani, wengi wao wenye kisomo na pesa.

Mtu akitaka kuombewa, aombewe. Akitaka kunywa uji wa mlonge kupata nguvu, amwambie daktari kwanza. Majani ya mstafeli na mizizi mingine ina nguvu zake, na ini linalochuja kemo ndilo linalotakiwa kuichuja na hiyo mizizi. Mgonjwa anayeficha anachokunywa anampa daktari kazi ya kubahatisha. Na mganga anayekwambia uache dripu ndipo dawa yake ifanye kazi, huyo anakuchukulia muda, na muda ndicho kitu pekee ambacho hakuna hospitali inayoweza kukurudishia.

Kwa aliyefika hatua ya nne bado kuna cha kuchagua. Kemo nyepesi au vidonge vya homoni vinaweza kumpa muda mzuri, mionzi michache inaweza kutuliza mfupa unaouma, na ipo morfini ya kunywa kwa maumivu makali. Ana haki pia ya kusema imetosha, nataka kuwa nyumbani. Asilazimishwe na wajomba kuuza shamba kwa ajili ya upasuaji ambao daktari mwenyewe hakuupendekeza.

Yule mama wa Korogwe tulimpigia tena juzi. Alirudi kwa daktari na maswali yameandikwa nyuma ya daftari la shule la mwanawe, na safari hii alikwenda na mumewe. Uvimbe wake ni mkubwa kidogo, matezi mawili yameguswa, vipokeo vya homoni ni chanya. Mpango ni kemo kwanza, halafu titi litolewe, halafu mionzi, halafu kidonge. Ameshapata dripu mbili. Nywele zimeondoka, mama mkwe ndiye aliyemshonea kilemba. Mume, aliyekuwa amenyamaza, aliuliza swali moja tu chumbani kwa daktari: nauli ya mara ngapi? Walikaa wakahesabu pamoja.

Dripu ya tatu ni Jumatano. Anapanda basi la alfajiri.